Kiharusi: Mfano wa Zambia

Tarehe 29 Juni 2008, viongozi wa Afrika walipokuwa wakikusanyika Sharm el-Sheikh, Misri, kwa mkutano wa Umoja wa Afrika, Rais Levy Mwanawasa wa Zambia alishikwa na kiharusi. Alitibiwa kwanza huko huko Misri, kisha akapelekwa Ufaransa katika Hospitali ya Jeshi ya Percy, karibu na Paris. Tarehe 19 Agosti, baada ya siku 51, alifariki dunia akiwa na umri wa miaka 59.

Wakati huo Mwanawasa alikuwa amekabidhiwa uenyekiti wa SADC, nayo jumuiya hiyo ilikuwa inahangaika na mgogoro wa Zimbabwe, ambao yeye alithubutu kuusema hadharani. Wananchi wa Zambia walilazimika kurudi katika uchaguzi mwezi Oktoba. Ugonjwa wa mshipa wa damu kichwani ulitosha kutikisa nchi nzima.

Lakini habari hiyo ina upande wa pili, usiosemwa sana. Mwaka 2006 Mwanawasa alikwisha kupata kiharusi kidogo, akatibiwa London, akarejea kazini, na mwezi Septemba mwaka huo huo akashinda uchaguzi. Basi anayedhani kuwa kiharusi ndio mwisho wa mtu anakosea. Anakosea pia yule anayetupa vidonge vya shinikizo la damu kwa kuwa anajiona mzima, maana aliyepata kiharusi mara moja yumo katika hatari ya kukipata tena.

Kiharusi ni jeraha la ubongo. Ama mshipa umezibwa na damu iliyoganda, ama umepasuka. Kwa kumtazama mgonjwa tu hakuna awezaye kutofautisha; ni lazima kichwa kipigwe picha. Dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda hutolewa ndani ya saa nne na nusu tangu dalili zianze, na kwa yule ambaye mshipa umepasuka dawa hiyo hiyo yaweza kumwua.

Kwa hiyo askari akiona mwenzake lindoni amepinda mdomo, mkono mmoja umelegea na maneno hayatoki sawasawa, asimdhanie kuwa amelewa, wala asiseme amerogwa. Aitazame saa na kuiandika, kama aandikavyo tukio lolote kituoni, kwa kuwa ndilo swali la kwanza la daktari. Asimpe maji, chakula wala kidonge, hata aspirini. Akiwa amezimia lakini anapumua, amlaze ubavu. Na gari litafutwe mara moja, si baada ya zamu.

Baada ya hapo kazi kubwa ni ya muuguzi, na wagonjwa wengi hupotea hapa. Koo la mgonjwa laweza kuwa limelegea; ndugu humnywesha uji kwa huruma, uji ukaingia mapafuni na kuleta nimonia. Ni lazima muuguzi apime kwanza kama anaweza kumeza, akiwa amekaa wima. Asiyeweza kujigeuza ageuzwe kila baada ya saa mbili, na shuka liwe kavu, la sivyo vidonda hutokea mgongoni na visiginoni. Asiinuliwe kwa kuvutwa mkono uliopooza. Bega huteguka, na maumivu yake hudumu miezi. Viungo vyake vinyooshwe taratibu kila siku. Na asiyeweza kusema huenda anasikia na kuelewa yote. Ni fedheha kumjadili mbele yake kana kwamba hayupo.

Mkewe au mwanawe afundishwe hayo kabla mgonjwa hajaruhusiwa kurudi nyumbani. Shati livishwe kwanza mkono ule uliolegea, kisha ule mzima. Vifungo aachiwe mwenyewe avifunge kwa mkono mmoja, hata ikimchukua robo saa.