Tangazo Lisilo na Bango

Mwalimu mkuu, walimu, wanabodi, wazazi wangu wa Ndithini, nanyi wanafunzi mnaosubiri zawadi:

Miaka ya tisini, nilipokuwa rika lenu, tuliyangoja mashindano ya magari ya Safari Rally kama Krismasi. Magari ya Subaru ya samawati yalibeba 555 kubwa ya manjano ubavuni. Tuliichora kwenye madaftari, tukaipaka kwenye vigari vyetu vya waya. Hakuna aliyetuambia kwamba 555 ni sigara. Dereva wa Subaru, Colin McRae, aliposhinda mwaka 1997, tuliishangilia sigara bila kujua.

Sheria ya Kenya ya Kudhibiti Tumbaku ya 2007 ilipiga marufuku matangazo hayo. Ilikataza kumuuzia sigara aliye chini ya miaka 18, na pia kuuza sigara moja moja. Lakini jana jioni nilisimama dukani kununua maji. Juu ya kaunta, pakiti imefunguliwa, imeegemea mkebe wa peremende. Kiberiti cha gesi kinaning'inia kwa uzi, usawa wa macho ya mtoto wa gredi ya nne. Hilo ni tangazo, ndugu zangu. Mtoto hulisoma kila anapotumwa chumvi.

Kisha kuna hivi vifuko vya nikotini. Kampuni ya sigara ya BAT ilivileta nchini mwaka 2019 kwa jina la Lyft. Vikaondolewa sokoni mwaka uliofuata, halafu vikarudi vikiitwa Velo. Ni kifuko cheupe, kidogo, kinachobanwa kati ya mdomo na ufizi. Hakina moshi. Kinanukia mnanaa. Mama, hata umnuse mwanao anaporudi nyumbani, utadhani ametafuna chingamu, kumbe nikotini ni ile ile inayomfanya mvutaji ashindwe kuacha. Na kwenye simu anamwona msanii ampendaye akipuliza wingu la vepu, yaani sigara ya kielektroniki, bila ile picha ya kutisha iliyo kwenye pakiti ya sigara.

Kabla sijagawa vitabu hivi, nina ombi. Wewe mwenye duka, naamini uko hapa au mwanao yuko hapa: itoe ile pakiti kwenye kaunta. Kesho asubuhi nitapita tena kununua maji. Nanyi wazazi, mkikuta kikebe cha mviringo cha vifuko hivyo ndani ya begi la shule, msikimbilie kiboko. Kaeni na mtoto, mumwulize mara ya kwanza alikiona wapi.