Namba ya Siri na Akiba ya Wote: Kanuni na Wajibu katika Kulipa Bili kwa Simu Kupitia SACCOS



1. Utangulizi

Zamani mwanachama aliyetaka fedha zake alikuja ofisini na kitabu cha akiba, akasaini fomu mbele ya mtunza hazina anayemjua kwa sura, na fedha zikahesabiwa mezani. Leo baadhi ya SACCOS, yaani vyama vya ushirika wa akiba na mikopo, zimeunganisha akaunti za wanachama na simu. Saa nne usiku, ukiwa kitandani, unanunua umeme wa LUKU, unalipa ankara ya maji au ada ya mtoto, na fedha zinatoka moja kwa moja kwenye akiba yako. Huduma hii imetupunguzia nauli na foleni. Imemwondoa pia yule mtunza hazina aliyeinua macho na kuhakikisha kwamba ni wewe kweli.

Kazi yake ya kuhakikisha haijaisha. Imegawanyika kati ya mwanachama na chama, na hoja ya mada hii ni kwamba mgawanyo huo uandikwe na ueleweke kabla fedha hazijapotea. Tukisubiri zipotee ndipo tuulizane nani alipaswa kufanya nini, kitakachobaki ni lawama.

2. Sheria zinatufikisha wapi

Hapa Tanzania, SACCOS zinaongozwa na Sheria ya Vyama vya Ushirika Na. 6 ya mwaka 2013. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 imeziweka katika daraja la tatu la watoa huduma hizo, chini ya usimamizi wa Tume ya Maendeleo ya Ushirika. Malipo ya kielektroniki yana Sheria ya Mifumo ya Malipo ya Taifa ya mwaka 2015, na taarifa za mwanachama zinalindwa na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022.

Lakini pengo la kila siku, la simu iliyoibwa au bili iliyolipwa mara mbili, linazibwa na masharti ya huduma ya chama chenyewe. Hayo ndiyo masharti ambayo wengi wetu tuliyakubali kwa kubonyeza kitufe bila kuyasoma.

3. Wajibu wa mwanachama

Wa kwanza ni kutunza namba ya siri. Najua hali za nyumbani kwetu. Babu macho hayaoni vizuri, anamwita mjukuu: "Hebu ninunulie umeme, namba ya siri ni mwaka niliozaliwa." Hapo babu amefanya makosa mawili: ametaja namba ya siri, na ameichagua namba ambayo mtaa mzima unaweza kuibuni. Masharti ya huduma za namna hii kwa kawaida husema kwamba anachofanya mtu uliyempa namba yako kinahesabiwa umekifanya wewe. Ni sharti gumu, lakini mwanachama alijue mapema. Asiyeweza kutumia simu peke yake aje alipie ofisini, na ofisi imhudumie kwa heshima ile ile.

Wa pili ni kuhakiki kabla ya kuthibitisha. Nilikaa na mwalimu mmoja mstaafu aliyekuwa amehama nyumba. Simu yake ilikuwa imehifadhi namba ya mita ya nyumba ya zamani, yenye tarakimu 11, naye akaichagua kwa mazoea. Fedha zikatoka, tokeni ya tarakimu 20 ikaja. Akaiingiza kwenye mita mpya mara tatu, mita ikaikataa mara tatu, na taa hazikuwaka usiku ule. Mfumo haukuwa na kosa: tokeni hutengenezwa kwa ajili ya mita moja tu, na iliyotajwa ilikuwa ya nyumba anayokaa mtu mwingine. Jina la mteja lilikuwa limetokea kwenye kioo kabla ya malipo. Hakulisoma. Sekunde tano za kulisoma zingemwokolea umeme wa wiki nzima.

Wa tatu ni kuangalia salio na muda. Malipo yanaweza kukwama kwa sababu ya mtandao au salio pungufu, na adhabu ya kuchelewa ikamwangukia mwenye bili. Nchini Marekani, vyama vya akiba na mikopo huwataka wanachama waagize malipo siku kadhaa za kazi kabla ya tarehe ya mwisho, kwa kuwa baadhi ya wanaolipwa bado hupelekewa hundi kwa posta. Sisi hatuna hundi za posta, ila mwenye bili ya Ijumaa na ailipe Jumatano.

Wa nne, na mzito kuliko yote, ni kutoa taarifa mapema. Laini yako ikipoteza mtandao ghafla huku za wenzako zinafanya kazi, usisubiri asubuhi. Huenda kuna mtu ameihamishia kwenye kadi nyingine. Tafuta simu ya jirani, piga chamani, piga kwa mtandao wako wa simu. Ujumbe wa kitapeli wa "ile hela itume kwenye namba hii" upeleke kwenye namba 15040.

4. Wajibu wa chama

Hapa sheria ya Marekani ya mwaka 1978 kuhusu uhamishaji wa fedha kwa njia ya kielektroniki inatufunza jambo. Mtu aliyeibiwa kadi au namba yake ya siri, akitoa taarifa ndani ya siku mbili za kazi tangu agundue, hasara yake haizidi dola 50. Akichelewa, inaweza kufika dola 500. Akikaa zaidi ya siku 60 tangu atumiwe taarifa ya akaunti yenye miamala asiyoitambua, anaweza kubeba hasara yote inayofuata. Taasisi nayo ina muda wake: kwa kawaida siku 10 za kazi za kuchunguza, na ikihitaji zaidi imrudishie mteja fedha hizo kwa muda wakati uchunguzi unaendelea.

Tuchukue busara iliyo ndani ya kanuni hiyo: kila upande una saa yake inayohesabu. Hatuwezi kumdai mwanachama atoe taarifa usiku ule ule wakati simu ya chama inapokelewa saa za kazi tu.

5. Mapendekezo

Chama kiwe na namba ya dharura inayopokelewa saa zote na mtu mwenye mamlaka ya kufunga akaunti papo hapo. Kila muamala ulete ujumbe kwa mwanachama, na kuwe na kiwango cha juu cha malipo kwa siku. Mfanyakazi anayebadilisha namba ya simu ya mwanachama asiwe yule yule anayeidhinisha badiliko hilo. Taarifa ya akaunti itolewe kila mwezi, na mwanachama ailinganishe na risiti zake. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Zaidi ya yote, masharti ya huduma yaandikwe kwa Kiswahili chepesi, kwenye karatasi moja, na yasomwe kwa sauti katika mkutano mkuu.

6. Hitimisho

Fedha inayopotea kwenye akaunti ya mmoja wetu ni fedha ambayo mwenzake angekopeshwa. Ndugu wajumbe, naomba tusitoke hapa kabla ya kuteua watu watatu wa kuandika karatasi hiyo moja, wailete mkutano mkuu ujao. Na kila mmoja wetu, leo kabla ya kulala, abadilishe namba yake ya siri.