Simbilisi Wasizaane Ovyo: Mazungumzo kwa Wafugaji wa Nyumbani



Mara nyingi mambo huanza hivi: mtoto analilia simbilisi, mzazi ananunua wawili, na muuzaji anaapa kuwa wote ni majike. Baada ya miezi miwili na siku kadhaa, kuna vitoto vitatu kwenye tundu. Mimba ya simbilisi huchukua siku 59 hadi 72, na vitoto huzaliwa na manyoya, macho yakiwa wazi. Hupendeza. Lakini saa chache tu baada ya kuzaa, jike yuko tayari kupandwa tena, na dume hangoji kuambiwa. Mama hunyonyesha huku ana mimba nyingine, mwili unadhoofika mzao baada ya mzao.

Kwa hivyo dume hutengwa kabla jike hajazaa, si baada. Vitoto vya kiume navyo huondolewa kwa mama vikifika wiki tatu. Jike anaweza kushika mimba akiwa na wiki nne tu, hivyo anayesema "wacha wakue kwanza" hukuta ndugu wamekwisha kuzaana.

Liko jambo ambalo wengi hawalijui, nalo huua. Jike asiyewahi kuzaa mpaka akapita miezi sita au saba, mifupa ya nyonga yake hushikana, na vitoto hukwama njiani. Wa kuzalishwa apandwe akiwa na miezi minne hivi, na uzani usiopungua nusu kilo. Aliyepitwa na umri huo aachwe akae bila dume. Hakuna hasara hapo.

Tena kuna joto letu. Asili ya mnyama huyu ni milima ya Andes, Amerika ya Kusini, kwenye ubaridi. Tundu la mabati lililoachwa juani mwezi wa Februari linaweza kumuua kwa mchana mmoja, na mwenye mimba ndiye huzidiwa upesi. Paa la makuti, kivuli cha mwembe na maji safi humtosha. Tundu liinuliwe, na miguu yake isimame kwenye makopo ya maji, maana siafu wakipanda usiku hakuna atakayesalia.

Mwili wake, kama wa binadamu, hautengenezi vitamini C. Pamoja na nyasi apewe mchicha, pilipili hoho au kipande cha pera kila siku. Majani ya parachichi na ya muhogo mabichi asipewe kabisa.

Kule Kivu, mashariki mwa Kongo, ambako humwita dende, hufugwa kwa kitoweo, kwa hivyo wanaozidi wana pa kwenda. Huku kwetu wengi humfuga kwa kupendeza watoto, na wanaozidi huweza kutupwa vichakani, wakaliwe na nguchiro. Mwenye nyumba ajue kwanza nani atavichukua vitoto, ndipo awaunganishe dume na jike. Na asiyeweza kutofautisha dume na jike awapeleke kwa afisa wa mifugo wa wadi kabla ya kuwaweka tundu moja.