Kizunguzungu cha Kisukari Si Ulevi

Wakazi wa Kimilili, kisukari kikikaa miaka mingi huweza kuharibu neva zinazoendesha moyo, mishipa ya damu na tumbo. Mgonjwa akisimama, damu hubaki miguuni. Anaona giza, anapepesuka. Watu husema amelewa. Akisikia hivyo mara mbili, tatu, anaacha kwenda sokoni, kanisani, hata kwenye chama. Hapo msongo wa mawazo huingia kimya.

Jamaa zake, msimcheke wala msimwite mvivu. Akiamka, aketi kitandani kwanza kabla ya kusimama. Asiache dawa. Siku ya kliniki amweleze daktari kizunguzungu na huzuni pia. Yote mawili yana msaada. Akitaja kujiua, asiachwe peke yake. Simu 1199 ya Msalaba Mwekundu ni ya bure.