MAZUNGUMZO: SEVA KUUKUU INAPOKATAA KUWAKA



Mazungumzo haya yanahusu seva kuukuu, zenye umri wa miaka kumi na zaidi, ambazo bado zinategemewa maofisini kwa mishahara, hati na daftari nyinginezo. Siku moja umeme hukatika na kurudi, seva ikawashwa, isifike popote. Mwananchi aliyefuata hati yake huambiwa arudi kesho. Fundi naye, kwa kuona foleni inavyorefuka, huwa karibu kutenda kosa ambalo kesho hiyo haitalirekebisha.

Kosa lenyewe ni kusimika upya mfumo endeshi juu ya diski zilezile. Yafaa ifahamike kwamba seva kutowaka si sawa na data kupotea. Mara nyingi kilichoharibika ni kitu kidogo katika njia ya kuufikia mfumo, ilhali data ipo palepale ilipokuwa. Anayesimika upya ndiye anayeifuta.

Njia hiyo ina vituo. Umeme hufika kwenye bodi kuu. Bayosi, yaani programu ndogo iliyomo katika bodi hiyo, hukagua ramu na vifaa vingine. Kisha hutafuta diski ya kuwashia. Na katika diski hiyo husomwa kiwashio, ambacho huupakia mfumo wenyewe. Kwa hiyo fundi hana budi kujua kwanza mashine imekwama kituo gani. Ikiwa kioo ni cheusi na inatoa milio tu, hapana haja ya kuugusa mfumo endeshi, kwa kuwa haujafikiwa. Hapo aghalabu tatizo ni ramu. Hewa ya pwani ina unyevu na chumvi, na miguso ya vipande vya ramu huchafuka. Baada ya kuchomoa waya wa umeme, vipande hivyo hutolewa, husafishwa na kurudishwa kimoja kimoja.

Betri ya bodi kuu inastahili kutazamwa zaidi, kwani ni ndogo na hudharauliwa. Katika mashine nyingi ni ile bapa, mfano wa sarafu, aina ya CR2032 yenye volti 3. Maadamu seva imechomekwa ukutani, saa yake hulishwa na umeme wa kawaida, na betri inaweza kufa isijulikane kwa miaka. Kisiwa cha Unguja kilikosa umeme takriban mwezi mzima mwaka 2008, na tena kwa miezi kadhaa kuanzia Disemba 2009. Katika kukatika kwa namna hiyo ndipo betri iliyokufa hujifichua: umeme ukirudi, saa imerudi nyuma miaka mingi na mipangilio ya bayosi imekuwa ile ya kiwandani. Mmojawapo wa mipangilio hiyo ni namna ya kuzisoma diski. Windows iliyosimikwa kwa mpangilio mmoja, ikiwashwa kwa mwingine, huweza kushindwa kuiona diski yake na kuonyesha namba 0x0000007B. Wengi husema diski imekufa. Haikufa; inahitaji betri mpya na mpangilio wa zamani. Saa nayo isisahauliwe, maana katika mitandao ya Windows tofauti ya zaidi ya dakika 5 kwa kawaida hutosha kuwazuia watumiaji kuingia.

Penye diski kadhaa zinazosimamiwa na kadi moja, hatari ni kubwa zaidi. Kadi ikibadilishwa, au diski zikichomolewa na kurudishwa, huenda ikatangaza kwamba imeona mpangilio wa kigeni, na kuuliza kama iupokee au iufute. Neno "kigeni" huwatisha watu wakachagua kufuta. Mpangilio huo ndio unaoeleza jinsi data ilivyogawanywa kati ya diski hizo. Asijibu mtu swali hilo kabla ya kila diski kuandikwa namba ya tundu lake na, ikiwezekana, kunakiliwa nzima.

Kwa seva za Linux, sababu moja ya kawaida ni sehemu ndogo ya diski yenye faili za kuwashia kujaa. Sasisho huandikwa nusu, na kuwasha kunakofuata hukwama. Dawa ya kwanza ni nyepesi mno hata huonekana kama mzaha: katika orodha ya GRUB huchaguliwa toleo la awali, nalo mara nyingi huwaka.

Hutokea pia kwamba mashine ni nzima ila mfumo mpya hauitaki. Red Hat Enterprise Linux 8, ya mwaka 2019, iliondoa viendeshi vya baadhi ya kadi za diski za zamani, na toleo la 9, la mwaka 2022, halikubali wasindikaji wa kale wasio na amri linazozihitaji. Seva ya namna hiyo hubaki na mfumo wake hadi data ihamishwe.

Maofisi yanaombwa kuandika mipangilio ya bayosi na ya kadi ya diski kwenye karatasi, na kuibandika ndani ya mlango wa kabati la seva. Nakala iliyowekwa ndani ya seva yenyewe haitasomeka siku inapohitajika.