Fedha ya Mangi Rengua

Leo tunapanda Kilimanjaro, hadi kilele cha Kibo, mita 5,895 juu ya usawa wa bahari, ambako barafu imekaa maelfu ya miaka karibu kabisa na ikweta.

Mei 11, 1848, mmisionari Mjerumani Johannes Rebmann, aliyetokea Rabai karibu na Mombasa, alikuwa akiikaribia nchi ya Wachaga. Aliyemwongoza ni Bwana Kheri, mzoefu wa njia ile. Rebmann akaona weupe juu ya mlima, akauliza ni nini. Akajibiwa: ni baridi. Naye, mtoto wa nchi ya theluji, akaelewa papo hapo.

Lakini wenyeji walikuwa wamemtangulia. Rebmann mwenyewe alisimuliwa kwamba Mangi, yaani chifu, Rengua wa Machame aliwahi kutuma watu wapande wakaangalie kama kile kinachong'aa ni fedha. Ndugu zangu wachimbaji, ninyi mnajua rashi ya madini inavyovuta watu: tetesi moja tu, na safari imeanza. Wale walipanda bila nguo za baridi wala viatu vya kufaa. Wengi walifia huko, na habari ilirudi na mtu aliyeharibika mikono na miguu kwa baridi. Kwangu mimi, huo ulikuwa uchunguzi kamili, na uligharimu roho za watu.

Huko London, mwanajiografia William Desborough Cooley, akiwa mezani kwake, alikana katakata habari ya Rebmann kwamba kuna theluji Kilimanjaro. Lakini mwaka 1862 mpelelezi Mjerumani, Baron von der Decken, akaupanda mlima huo zaidi ya mita 4,000, theluji ikamwangukia.

Leo barafu yenyewe ya Kilimanjaro inakwisha. Mwaka 1912 ilifunika kama kilomita za mraba 12; kufikia 2011 zilikuwa hazifiki 2. Hewa ya kule juu imekauka na theluji mpya ni chache, hivyo jua linazipiga kuta za barafu, na sehemu kubwa inageuka mvuke moja kwa moja bila hata kuwa maji.

Wazazi, mtoto akija na daftari lililoandikwa kwamba Rebmann ndiye aliyeigundua theluji ya Kilimanjaro, msimulieni habari za watu wa Mangi Rengua.