Bunduki ya Kwanza ya Masafa Marefu: Risasi Itatua Wapi?

Hotuba ya Ofisi ya Uhusiano ya Polisi katika mkutano wa wananchi wa mpakani



Katika mikutano iliyotangulia tulizungumza kuhusu wizi wa mifugo na magendo ya usiku. Leo tunazungumzia jambo ambalo hatukulitarajia. Vijana kadhaa, na wakulima wawili wenye mvi, wamefika ofisini kwetu kwa nyakati tofauti wakiwa na swali moja: mtu anayetaka kuanza kulenga shabaha za mbali anunue bunduki gani, na aifungie darubini ipi? Baadhi yetu tulitamani kuwajibu kwa neno moja tu, kwamba wasinunue. Tulipotafakari tuliona kuwa hilo ni jibu la kivivu. Sheria ya Silaha za Moto ya Uganda ya mwaka 1970 inampa raia njia ya kuomba kibali. Anayewauliza polisi kabla ya kununua amefanya la kiungwana, nasi tusipomjibu atajibiwa na mchuuzi anayekuja baada ya taa kuzimwa.

Tutajibu, basi. Lakini mturuhusu tuanze na tukio lililotufundisha sisi wenyewe.

Katika eneo mojawapo tulilowahi kuhudumu palikuwa na mkulima mwenye kibali halali. Tulikuwa tumechunguza mwenendo wake, tukazungumza na majirani zake, tukakagua sanduku la chuma alimofungia silaha yake. Kila kitu kilikuwa sawa. Jioni moja alimwona nguruwe pori kwenye mihogo, akafyatua risasi moja, akamkosa. Risasi ile ikapita juu ya mihogo, ikavuka mto, ikatoboa bati la jiko la nyumba iliyo katika nchi nyingine. Mama mwenye jiko alikuwa ametoka kuchota maji. Sufuria ilikuwa bado mekoni.

Tulipokaa na wenzetu wa ng'ambo kulimaliza jambo lile, mzee mmoja wa upande wao alituuliza kwa upole: je, mlipompa kibali, mlimwuliza anakusudia kulenga kuelekea wapi? Hatukuwa tumemwuliza. Tulikuwa tumeuliza mambo mengi mazuri, na hilo moja tukaliacha.

Tangu siku hiyo hatuanzi na swali la bunduki gani. Tunaanza na swali la risasi itatua wapi.

Hebu tuzitazame hesabu zenyewe. Risasi ndogo kuliko zote zinazotumika sana, ile ya kaliba .22 ambayo watu wengi huiona kama ya kuchezea, huwekewa onyo kwenye pakiti zake kwamba inaweza kuruka maili moja na nusu. Risasi ya kaliba .308, inayopendwa sana na wapiga shabaha wa mbali, ikielekezwa juu inaweza kuruka kilomita 4 au zaidi. Sasa simameni Kikagati mtazame Murongo. Kati yenu na Tanzania pana Mto Kagera tu. Nendeni Mutukula, ambako mpaka unafuata mstari wa nyuzi 1 kusini mwa Ikweta. Huko hapana hata mto. Mstari ule umo kwenye ramani, na hakuna darubini duniani inayouonyesha.

Kwa hiyo anayetaka kulenga shabaha za mbali huanza kwa kutafuta kiwanja. Tunamaanisha kiwanja kilichoidhinishwa, chenye tuta la udongo nyuma ya shabaha, refu na nene kiasi cha kuimeza risasi, chenye msimamizi, na chenye bendera nyekundu inayopandishwa watu wanapofyatua. Kichuguu si tuta. Maji pia si tuta, maana risasi hugonga uso wa maji na kuruka upya kwa pembe ambayo hakuna awezaye kuitabiri. Kama kiwanja unachoweza kukifikia kina mita 100, basi bunduki yako ni ya mita 100, hata ikiwa dukani imesifiwa kwa mita 1,000.

Hapo ndipo tunapofika kwenye ushauri wetu, nao huwashangaza vijana: bunduki ya kwanza ya masafa marefu ni .22 ya bolti. Sababu yake ni hii. Risasi ya .22 ni ya polepole na nyepesi, kwa hiyo huanguka upesi na kusukumwa na upepo kwa urahisi. Ukiwa umeirekebisha darubini yako ipige sawasawa kwenye mita 50, ukifika mita 150 risasi itakuwa imeshuka karibu mita 1 chini ya pale ulipolenga. Hayo ndiyo matatizo yaleyale anayokutana nayo mwenye .308 kwenye mita 500, isipokuwa wewe umejifunza katika kiwanja kidogo, kwa risasi za bei nafuu, bila teke kubwa begani. Teke hilo lina madhara yake. Huwafundisha wanafunzi kufumba macho na kuivuta silaha kabla ya mlio, na tabia hiyo ikishaota mizizi huchukua miezi kung'oka. Tunayasema haya kwa sababu tumewafundisha askari wapya, na baadhi yetu tulikuwa wafumba macho.

Bunduki ya bolti ni ile ambayo mpigaji huipakia kwa mkono, risasi moja baada ya nyingine. Ni rahisi kuisafisha, ni rahisi kuikagua kama ina risasi, na humlazimisha mtu kufikiri kati ya mlio na mlio. Bunduki za kivita, ikiwemo ile ambayo kila mtoto wa mpakani anaijua kwa umbo lake, hazimo katika mazungumzo haya. Hizo si za michezo, na raia anayekutwa nayo hatajitetea kwa kutaja shabaha.

Mwenye kiwanja kirefu, aliyekwisha kujifunza kwa mwaka mmoja au miwili, anaweza kufikiria .308. Risasi zake zimeenea kuliko za kaliba nyingi mpya. Zipo kaliba mpya zaidi, kama 6.5 Creedmoor, ambazo hushindana na upepo vizuri zaidi na zina teke dogo kidogo. Lakini bunduki nzuri ambayo risasi zake hupatikani nchini mwako itakugeuza msafirishaji wa magendo kabla hujawa mpiga shabaha. Na .308 nayo si ya miujiza. Ikiwa imesawazishwa kwenye mita 100, hushuka takriban sentimita 40 kwenye mita 300, na karibu mita 2 kwenye mita 500. Upepo wa ubavuni wa kilomita 16 kwa saa, ule wa kutikisa majani ya migomba tu, huihamisha zaidi ya nusu mita kwenye umbali huo wa mita 500. Anayedhani atamaliza hesabu hizo kwa kununua kioo kikubwa anajidanganya.

Tukija kwenye darubini yenyewe, tutasema machache. Namba kama 3-9x40 maana yake ni kwamba kitu kitakuzwa kuanzia mara 3 hadi mara 9, na kwamba kioo cha mbele kina kipenyo cha milimita 40. Kwa mwanafunzi hiyo inatosha kabisa. Ukuzaji wa mara 25 huvutia dukani, lakini kwenye jua letu la saa sita hukuza pia mvuke wa joto unaopanda kutoka ardhini, shabaha ikaonekana kama inaogelea. Hakikisheni kwamba alama zilizo ndani ya kioo na vifundo vya kurekebishia vinatumia kipimo kimoja. Kuna darubini ambayo kila mlio mdogo wa kifundo chake husogeza pigo kwa sentimita 1 kwenye mita 100, na kuna ambayo husogeza kwa milimita 7 hivi. Zote mbili ni nzuri. Ubaya ni ile iliyochanganya, alama zake za kipimo hiki na vifundo vya kipimo kile, ukalazimika kufanya hesabu za kugawanya huku umelala kifudifudi.

Jicho nalo likae mbali na kioo, sentimita 8 hadi 10, kama mtengenezaji alivyoelekeza. Mmoja wetu alilisogeza karibu mno siku ya kwanza ya mafunzo. Kovu lake la mviringo juu ya nyusi bado tunalitumia darasani.

Kuna jambo jingine tunalowaambia wanaotaka kununua darubini ya gharama kubwa. Wapiga shabaha wa mashindano ya Palma hulenga kwenye yadi 800, 900 na 1,000, na yadi 1,000 ni mita 914, wakitumia matundu ya kulengea bila darubini yoyote. Pale Bisley nchini Uingereza, ambako mashindano ya bunduki yamefanyika tangu mwaka 1890, wapo watu wazima wenye miwani wanaopiga shabaha hizo kwa ustadi. Wamefika hapo kwa kusoma bendera za upepo miaka mingi. Fedha utakayoibakiza kwenye kioo nunulia risasi za mazoezi na umlipe mwalimu.

Sasa utaratibu. Usinunue kitu kwanza ukaja ofisini baadaye. Anza kwa kamanda wa polisi wa wilaya yako, ueleze sababu, na uje na jina la kiwanja utakachotumia. Sisi tutakuuliza hata usipotuambia. Kibali cha Uganda hakina nguvu hatua moja ng'ambo ya mpaka, na cha Tanzania hakina nguvu huku kwetu. Tanzania ina sheria yake ya kudhibiti silaha na risasi ya mwaka 2015. Sheria ya forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004 nayo huziweka silaha na risasi katika bidhaa zenye masharti. Kwa hiyo binamu yako wa ng'ambo mwenye bunduki nzuri ya kuuza kwa bei ya kindugu hawezi kukuuzia kindugu. Nchi zetu zilitia saini Itifaki ya Nairobi mwaka 2004 kwa sababu silaha zilizopita mikononi mwa binamu ziliishia mikononi mwa majambazi.

Tena, kibali cha bunduki si kibali cha kuua wanyama. Wakulima wetu, nguruwe pori, nyani na viboko wanawatesa, tunajua. Lakini wanyamapori wanalindwa na Sheria ya Wanyamapori ya mwaka 2019, na mamlaka inayohusika ndiyo ya kuitwa. Wakichelewa kufika, tuambieni. Tutawasumbua kwa niaba yenu, na tumewahi kufanya hivyo.

Wale wawili wenye mvi tuliowataja mwanzoni wamerudi ofisini wiki iliyopita. Mmoja ameahirisha ombi lake mpaka apate kiwanja. Mwingine alikuja na mchoro wa shamba lake alioupiga kwa kalamu ya risasi, akiwa ameweka alama kwenye nyumba za majirani, njia ya watoto wa shule na mto. Tulikaa naye tukauzungusha mchoro ule mezani kila upande, tukitafuta upande ambao risasi ingetua salama. Hatukuupata. Alikunja karatasi yake, akatushukuru, akasema atajenga uzio.

Tutakuwa chini ya mwembe ule hadi saa kumi. Mwenye swali asilotaka kuliuliza mbele za watu aje tu.